Bertila Kokubanza na Kibanja Chake cha Conghua

Waheshimiwa mapadre, ndugu wa ukoo, viongozi wa Jumuiya ya Watanzania, na ninyi nyote mliofunga maduka yenu ya Xiaobei, hapa Guangzhou, leo Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, mkaja kumsindikiza dada yetu, familia inawaomba mkae mtulie, kwa sababu maisha yatakayosomwa hapa hayakuwa mepesi, na Ta Jovitus, mume wa marehemu, ameomba yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na ugomvi wake. Anayesoma ni Ernest, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya wote.

Marehemu Bertila Kokubanza alizaliwa tarehe 4 Julai 1970 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Salvatory Rutashobya na Mama Bibiana, ambao wote wawili wametangulia. Mwaka 1976 aliugua homa kali iliyomvimbisha viungo, akalala ndani majuma matano, akapona, akarudi kuchunga mbuzi, na pale nyumbani hakuna aliyejua kwamba homa ile ilikuwa imeacha kovu moyoni mwake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978 na kumaliza la saba mwaka 1984, kisha kuanzia 1985 hadi 1987 alijifunza ushonaji kwa masista mjini Bukoba, ambao waliandika kwenye cheti chake kwamba mkono wake ni safi ila hapendi kuambiwa. Mwaka 1988 alikwenda Mwanza, akafungua cherehani yake mtaa wa Makoroboi, na huko ndiko alikokutana na Jovitus, bwana shamba kijana aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, akaja kuichukua mara tatu ilhali ilikuwa tayari tangu mara ya kwanza.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 7 Januari 1995 huko Kamachumu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rodgers aliyezaliwa mwaka 1996 na Dainess aliyezaliwa mwaka 1999, wote wako hapa mbele yenu. Mwaka 2006 Ta Jovitus alipata ufadhili wa kusomea udongo hapa Guangzhou, Ma Bertila akamfuata mwaka 2008, na wengi wenu mlimfahamu wakati huo, akiwaongoza wafanyabiashara wa Mwanza na Kahama katika soko la vitambaa la Zhongda, akibishana na wenye maduka kwa Kichina cha sokoni alichojifunza kwa masikio tu, mpaka wakamwita laobanniang, yaani mama mwenye duka, ingawa duka hakuwa nalo.

Mwaka 2014 Ta Jovitus aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa jiji, na Machi 2017 walikodi nyumba ya matofali na shamba la mu nne kwenye kijiji kimoja cha Conghua, na mu nne kwa kipimo cha kwetu ni kama theluthi mbili za ekari. Ma Bertila aliliangalia lile shamba, akamwambia mumewe, "Hapa mimi naweza kuweka kibanja," na akakiweka kweli, migomba ikizunguka nyumba, maharage chini ya migomba, magimbi kandokando ya bwawa la samaki, kuku na bata nyuma ya jiko, na kule chini kando ya kijito, mpunga. Baada ya miaka mitatu walikuwa hawanunui chakula isipokuwa chumvi, na aliyekwenda kuwatembelea Jumapili hakurudi Xiaobei mikono mitupu.

Msimu aliokuwa akiupenda kuliko yote ni huu wa Septemba hadi Novemba, ambao wenyeji wanauita vuno na yeye aliuita vuli kama nyumbani. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuruga, kwanza viazi vitamu vinachimbwa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya paa viwe michembe, halafu karanga zinang'olewa na kupelekwa kwenye kinu cha kijiji kukamuliwa mafuta ya mwaka mzima, halafu ndizi za kupika zinategemezwa kwa miti kabla ya pepo za Oktoba, na mwisho wa yote mpunga. Katikati ya kazi hizo alikuwa akivizia panzi kwenye mpunga, akiwakaanga kama senene na kuwala barazani peke yake, na wanakijiji walimcheka mpaka jirani yake, Bibi Luo, mjane wa miaka sabini na minane anayefuga nguruwe mmoja kila mwaka, alipomletea chupa nzima ya panzi aliowakamata mwenyewe. Tangu siku hiyo walikuwa wakiitana dada mkubwa na dada mdogo, mmoja kwa Kikantoni na mwingine kwa Kichina cha Zhongda, na walielewana kuliko tunavyoelewana sisi wenye lugha moja.

Kuhusu ugonjwa wake. Katikati ya mwaka 2024 Ta Jovitus aligundua kwamba mkewe, akitoka kisimani na ndoo, husimama mara mbili kabla ya kufika jikoni, na kila akisimama hujifanya anakagua mgomba, na mgomba anaoukagua ni uleule. Alihesabu tu, na ilipofika Agosti mara mbili zilikuwa zimekuwa tano, na miguu yake jioni ilikuwa imevimba mpaka ndala zinaacha alama. Alimbembeleza, akamkasirikia, na hatimaye Jumanne tarehe 3 Septemba alimfikisha hospitali kubwa ya jijini, ambako daktari mama wa makamo alitazama picha za moyo wake kwa muda mrefu, kisha akasema vali moja imekakamaa tangu utotoni, inafunguka kama tundu la sindano, inatakiwa kubadilishwa mwezi huohuo, na kwamba bila upasuaji moyo unaweza kusimama siku yoyote, hata akiwa amekaa.

Ma Bertila alimsikiliza mumewe akimtafsiria, akafunga vifungo vya blauzi yake, akasema, "Mwambie nitakuja mpunga ukishaingia ndani."

"Mpunga gani?" daktari aliuliza, na Ta Jovitus akamfuata mkewe, aliyekuwa ameshafika mlangoni.

Hivyo ndivyo vuli ya mwaka 2024 ilivyoanza, na Ta Jovitus anasema katika miaka yake yote hajawahi kuogopa kwa siku nyingi mfululizo namna ile. Alikuwa akiamka anasikiliza kwanza kama mkewe anapumua. Akienda kazini alipiga simu saa nne na saa saba, na simu ikiita zaidi ya mara sita alikuwa tayari ameshavaa kofia ya pikipiki yake ya umeme. Aliporudi jioni alimkuta juu ya ngazi, anaanika viazi, au amepiga magoti kwenye karanga, uso umekuwa wa majivu, na akimwambia ashuke, alijibiwa, "Baba Rodgers, mimi sijakataa kwenda. Nimesema baadaye. Wewe ndiye unayesikia nimekataa." Rodgers alipiga simu kutoka Mwanza akalia, Dainess akapiga akafoka, na wote wawili walijibiwa kwa upole kwamba wamsalimie padre.

Mwanzoni mwa Novemba, mpunga ulipoiva, Ta Jovitus alifanya jambo ambalo ameomba litajwe, alichukua miundu yote miwili akaificha kituoni kwake, chini ya magunia ya mbolea, akidhani amemaliza kesi. Alirudi siku hiyo akamkuta mkewe shambani ameshakata mistari minne kwa kisu cha jikoni, akiwa amekaa chini na kujisogeza kwa makalio, kila mganda unachukua muda wa kusali fungu zima la rozari. Aligeuza pikipiki akarudi kituoni, akaleta miundu, mmoja akampa mkewe na mwingine akaushika mwenyewe, wakavuna bega kwa bega mpaka giza likaingia bila kutazamana. Anasema kama ni kosa basi ni lake, lakini alikuwa ameona kwamba kumnyima mundu ni kumwua kwa njia nyingine.

Walibakiza theluthi moja ya shamba, na miganda iliyokatwa ilikuwa bado imelala uwanjani ikikauka, wakati redio ya kijiji ilipotangaza tufani ya mwisho wa msimu. Ijumaa tarehe 8 Novemba, saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa inapiga ubavuni, Ta Jovitus hakwenda kazini, na wote wawili walikuwa wakibeba miganda kuingiza ndani, sebuleni, jikoni, mpaka juu ya kitanda. Saa nne mwakilishi wa kijiji alipita na kipaza sauti akisema bwawa la juu litafunguliwa, kila mtu awe amefika shuleni, kule kwenye kilima, kabla ya saa sita. Kijito kilikuwa kimeshapanda shamba la chini. Ta Jovitus alimwangalia mkewe, akaona midomo yake imekuwa rangi ya zambarau, na amekumbatia mganda ambao hawezi kuuinua wala kuuweka chini.

"Mama Rodgers, basi."

"Imebaki kidogo."

"Haijabaki kidogo. Maji hayo."

Ndipo yule mwakilishi aliporudi mbio akawaomba wamsaidie, kwa sababu Bibi Luo amekaa kwenye kigoda mbele ya banda la nguruwe na amekataa kuondoka, amesema nguruwe amebakiza miezi miwili tu afike uzito, na kwamba yeye ameona mafuriko mengi kuliko huyo mwenye kipaza sauti. Ma Bertila aliuacha mganda ukaanguka, akatoka, na Ta Jovitus akamfuata nyuma kwa hatua mbili, mikono tayari, maana alijua ataanguka, hakujua wapi tu.

Alipofika alishika nguzo ya banda mpaka pumzi irudi. Maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya kigoda.

"Dada mkubwa, simama twende," alisema.

Bibi Luo hakugeuka. "Wewe daktari alikwambia uende. Ulikwenda?"

Ma Bertila alimtazama mumewe, na Ta Jovitus akatazama chini, kwa sababu ni kweli yeye ndiye aliyemweleza yule bibi, siku moja alipokuwa hana mwingine wa kumweleza.

"Mimi nina mpunga," Ma Bertila alisema.

"Na mimi nina nguruwe."

Mwakilishi alitazama saa yake, kijito kilikuwa kinaunguruma, na kutoka juu bondeni kilisikika king'ora cha bwawa, mara moja, kikanyamaza. Ta Jovitus anasema alitaka kuwabeba wote wawili kwa nguvu, mmoja mmoja, na hakujua aanze na nani.

"Ukisimama wewe," Ma Bertila alisema, polepole, akitafuta maneno kwenye Kichina chake, "mimi naacha mpunga, naenda kupasuliwa."

"Lini?"

"Barabara ikifunguliwa."

"Huyo ni mumeo. Mwambie yeye, nisikie."

Basi Ma Bertila akageuka, akamwambia mumewe kwa Kiswahili, "Baba Rodgers, barabara ikifunguliwa unipeleke," na Bibi Luo, ambaye hajui neno moja la Kiswahili, alimtazama usoni wakati anasema, akaridhika. Alisimama, akafungua mlango wa banda, akampiga nguruwe teke moja la matako ili ajitafutie pa kwenda, akakunja suruali yake magotini.

Kutoka pale hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi, na wao walitumia karibu saa nzima. Maji yalikuwa yamefika juu ya daraja dogo, hayaonyeshi ukingo uko wapi, na kila hatua ishirini Ma Bertila alisimama. Ta Jovitus aliinama mbele yake ili ampande mgongoni, akakataa. "Usinibebe," alimwambia. "Ukinibeba nitajua ninakufa." Kwa hiyo Bibi Luo alitangulia akipima maji kwa mpini wa jembe, Ma Bertila akamshika bibi mkanda wa koti, na Ta Jovitus akawa nyuma, akitazama mgongo wa mkewe ukipanda na kushuka, na anasema hakuwa anasali, alikuwa anahesabu pumzi tu. Walipokanyaga ngazi za shule walisikia maji mapya yakishuka bondeni, na walipogeuka daraja lilikuwa halipo.

Mafuriko yalikaa siku mbili. Mpunga wa shambani ulikwenda wote, uliokuwa ndani ya nyumba ulilowa nusu yake ukaota, samaki wa bwawa walitawanyika, migomba kumi na tisa ilianguka, na nguruwe wa Bibi Luo alionekana siku ya tatu kwenye makaburi nyuma ya kijiji, mzima, anachimbua viazi vya watu. Barabara ilipofunguliwa Jumatano ile, Ma Bertila alisema labda kwanza waanike ule mpunga uliobaki, siku mbili tatu tu, lakini alipotoka nje alimkuta Bibi Luo amesimama getini ameshika begi la nguo la Ma Bertila, ameshalifunga. Ma Bertila alipanda gari.

Alifanyiwa upasuaji Jumatatu tarehe 18 Novemba 2024, ukachukua saa sita, na alirudi Conghua tarehe 11 Desemba akiwa na vali mpya, dawa za kuyeyusha damu, na marufuku ya kuinua kitu chochote kizito kuliko birika. Tulipewa mwaka mmoja. Hatukujua kwamba ni mmoja, tulidhani ni mingi, na pengine ndiyo sababu tuliutumia vizuri. Alitembea kutoka kisimani hadi jikoni bila kukagua mgomba. Wengi wenu mlimwona Pasaka pale kanisa la mawe la mtaa wa Yide Lu akiimba sauti ya pili, mkasema amerudi.

Vuli ya mwaka huu aliivuna akiwa amekaa kwenye kiti cha mianzi katikati ya shamba, akitoa amri, na Ta Jovitus, daktari wa udongo, aliambiwa kila siku kwamba anakata viazi vinene kama sabuni, anang'oa karanga kama mtu anayeng'oa nguzo, na kwamba miganda yake haifungiki. Mpunga uliingia ndani wote Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, mkavu, na jioni hiyo alikula mabakuli mawili.

Jumanne tarehe 11 Novemba asubuhi waligombana. Ta Jovitus alikuwa amekata mkungu wa ndizi kabla haujakomaa, Ma Bertila akamwambia kwamba yeye ni mtu mwenye shahada tatu na bado hajui ndizi, naye akamjibu kwamba basi akate mwenyewe, neno ambalo lilimtoka na hakuweza kulirudisha. Wakanuniana. Saa nne hivi, Ta Jovitus akiwa uani, alisikia sufuria ikianguka jikoni, akangoja asikie lawama, hakusikia. Damu ilikuwa imeganda na kupanda kichwani. Gari lilifika baada ya dakika ishirini na tano, na njia nzima hadi jijini alimsemesha mkewe, ambaye hakumjibu, na Ta Jovitus hakuweza kujua kama ni ugonjwa au ni kule kununa kwa asubuhi.

Alizinduka Jumatano alasiri. Upande wake wa kulia haukusogea, maneno yalikuwa machache, mengine ya Kihaya. Alimtazama mumewe, akasema, "Bata umefungia?"

"Nimefungia," Ta Jovitus alimjibu, akijua kwamba hajafika nyumbani tangu jana yake, na kwamba bata kumi na mmoja walikuwa wazi uani, na mbwa wa kijiji wapo.

"Haya," alisema, akafumba macho, na mkono wake wa kushoto ukabaki ndani ya mkono wa mumewe. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja. Mwili utasafiri Jumatatu, na mazishi yatafanyika Kamachumu, Ijumaa tarehe 28.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwaka jana na mwaka huu, hasa yule daktari mama ambaye hatimaye alielezwa ni mpunga gani. Inawashukuru wafanyakazi wenzake Ta Jovitus kituoni, waliofunga magunia yaliyobaki wakati sisi tuko hospitali, Jumuiya ya Watanzania, wanafunzi waliotafsiri makaratasi ya safari, na mama zetu wa Xiaobei mlioleta chakula siku tisa bila kupumzika.

Shukrani ya mwisho ni ya Bibi Luo, ambaye amekaa pale mstari wa pili, mwenye kitambaa cheupe mkononi, na ambaye leo ameingia mjini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ta Jovitus alirudi Conghua siku ya Ijumaa, na anasema aliogopa kufungua geti kuliko alivyoogopa hospitalini, kwa kuwa neno la mwisho alilompa mkewe lilikuwa la uongo. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa fundo ambalo si lake wala si la Ma Bertila, na ndani, juu ya majani makavu mapya, alihesabu bata kumi na mmoja. Alimwendea yule bibi, akamuuliza alikuwa anawafungia tangu lini, akajibiwa, tangu Jumanne, gari lilipoondoka tu.

Kwa hiyo ulichoambiwa kilikuwa kweli, Ma Bertila. Lala sasa, dada yetu, uwe na amani.